Mwongozo Kamili wa Kutunza Mimea ya Kudumu Inayovuta Vipepeo katika Bustani za Pwani

Anayetaka vipepeo uani kwake kwa kawaida huanzia kwenye maua, nami nilianzia hukohuko. Mwaka wa kwanza nilijaza maua ya kila rangi kwenye tuta moja nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, na vipepeo kweli walikuja, wakanywa, wakavuka ua kwenda zao, kwa sababu hapakuwa na jani hata moja ambalo kipepeo jike angeweza kulitagia. Kipepeo mzima hunywa nekta, ambayo wenye Kiswahili chao huiita mbochi, lakini mwanawe, yaani kiwavi, hula majani, tena si majani yoyote bali ya mmea mmoja au ya jamii moja ya mimea. Bustani isiyo na majani hayo hupata wapita njia tu. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Gede, Kenya, ambao tangu mwaka 1993 wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabundo yao, yaani viwavi waliokwisha kujifunga wakisubiri kuwa vipepeo, kupitia mradi wa Kipepeo, hulijua jambo hili vizuri: kabla hawajashika wavu, hupanda kwanza mmea ambao kiwavi atakula.

Mwongozo huu ni wa mtu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, mwenye eneo dogo hata la mita tatu kwa nne. Aliye bara kwenye baridi anaweza kuufuata pia, ila ategemee kila kitu kwenda polepole zaidi. Nimechagua mimea ya kudumu, ile inayoishi miaka kadhaa bila kupandwa upya, kwa sababu maua ya msimu hukauka kiangazi, na ni wakati huohuo ambapo vipepeo hutafuta kinywaji kwa shida. Sababu ya pili haisemwi sana: tuta la mimea ya msimu hulimwa na kusafishwa mara kwa mara, na mayai, viwavi na mabundo hung'olewa pamoja na mashina, yakaishia kwenye moto wa taka.

Angalia kwanza ulichonacho

Kabla ya kununua mche wowote, tenga majuma mawili ya kutazama. Toka nje kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua likiwa limepasha joto lakini halijawa kali, uangalie ni vipepeo gani wanapita na wanatua wapi. Mimea itachaguliwa kwa kuwafuata wao, kwani haina maana kumwandalia meza mgeni asiyeishi upande wenu.

Wachache watatambulika bila taabu. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa mengi ya manjano, anayepiga mbawa hata anapokuwa kwenye ua, ni Papilio demodocus, na mahali alipo hapakosi mlimau, mndimu au mchungwa. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zilizopitiwa na mkanda mweupe, anayeruka kwa uvivu kama asiyeogopa kitu, ni Danaus chrysippus. Kweli haogopi, kwa kuwa mmea aliokula utotoni una sumu inayomfanya awe mchungu kwa ndege. Ukimwona mwingine anayefanana naye sana, usishangae: jike wa Hypolimnas misippus amevaa sura hiyohiyo ili ndege wamwogope, ingawa yeye hana sumu, na dume wake hafanani naye kabisa, kwani ni mweusi mwenye madoa meupe ya mviringo yanayong'aa buluu pembeni. Wa manjano mpauko au weupe wanaopita kwa kasi kana kwamba wameitwa mahali ni Catopsilia florella, wanaotaga kwenye mimea ya jamii ya Senna. Na kwenye njia tupu ya mchanga, yule mweusi mwenye doa moja la buluu kali kwenye kila bawa la nyuma, aliyekunjua mbawa akiota jua, ni Junonia oenone.

Andika unachokiona kwenye daftari. Baada ya majuma mawili utajua kama bustani yako ianzie kwenye ndimu au kwenye mimea mingine nitakayoitaja.

Mahali

Kipepeo hana joto lake mwenyewe la mwili, kwa hiyo hulitegemea jua ili misuli ya mbawa ifanye kazi. Chagua sehemu inayopata jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kwa siku, na kama ni lazima ichukue kivuli, bora kivuli hicho kije jioni kuliko asubuhi.

Jambo la pili ni upepo, na watu wa pwani hawahitaji kuelezwa Kusi ni nini. Kati ya Juni na Septemba upepo huo unaweza kuifanya bustani nzuri kukaa tupu, si kwa kuwa maua hayapo bali kwa kuwa kipepeo hawezi kutua. Tuta liwekwe upande wa kaskazini wa nyumba, ukuta au ua wa mimea, ili Kusi ikatike kabla ya kulifikia. Ukuta mzima wa matofali hutengeneza kizunguzungu cha upepo nyuma yake, wakati ua wa mimea huupunguza upepo taratibu, kwa hiyo mwenye nafasi ya kuchagua achague ua wa mimea. Duranta, ambayo tayari inatumika kwenye nyua nyingi mijini, inafaa, na itarejea hapa chini.

Weka pia jiwe bapa moja au mawili katikati ya tuta. Asubuhi jiwe hupata joto mapema na vipepeo huja kuota jua hapo.

Udongo

Udongo wetu wa pwani kwa kiasi kikubwa ni mchanga usioshika maji, na kwingine ni mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na udongo wa vidole viwili. Kwenye mchanga, changanya ndoo mbili za samadi iliyooza vizuri au mboji kwa kila mita moja ya mraba, ukizama hadi sentimita 30. Samadi mbichi huchoma mizizi na kuleta mchwa. Kwenye matumbawe usipoteze nguvu kuchimba: jenga tuta la kuinua kwa mawe hayohayo, kimo cha sentimita 30 hadi 40, ulijaze udongo ulioletwa. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, inua tuta vilevile, kwa kuwa mingi ya mimea iliyomo humu huvumilia kiu kuliko mizizi kukaa majini.

Mimea ya kunywewa

Nikiambiwa nichague mmea mmoja tu wa maua, nitachagua Pentas lanceolata bila kufikiri mara mbili. Ni mmea wa kwetu, wa Afrika Mashariki, ingawa watu wengi huununua wakidhani umetoka ng'ambo. Huota kichaka cha kimo cha nusu mita hadi mita moja, na maua yake madogo yenye petali tano hukusanyika kwenye kichwa kimoja kama kiganja cha mtoto. Kila kiua kina mrija mrefu mwembamba, na nekta iko chini kabisa, mahali ambapo mdomo wa kipepeo, unaojikunja kama springi ya saa, unafika. Kutua ni rahisi kwa sababu kichwa ni bapa, na kipepeo akishatua anaweza kunywa maua ishirini bila kuruka tena. Yapo ya waridi, mekundu, meupe na ya zambarau. Bustanini kwangu yale mekundu na ya waridi hutembelewa zaidi, na meupe huachwa hadi mengine yaishe.

Wa pili ni Plumbago auriculata, wenye maua ya buluu ya anga, asili yake Afrika Kusini. Unavumilia kiangazi kuliko pentas na hauna adabu usipopogolewa. Una faida ya ziada: kipepeo mdogo wa buluu mwenye vikia vyembamba, Leptotes pirithous, hutaga kwenye machipukizi ya maua yake, kwa hiyo mmea huu mmoja ni kinywaji na chakula kwa pamoja. Mmea wenyewe utaujua kwa vikonyo vya maua vyenye gundi vinavyong'ang'ania nguo.

Duranta erecta hutoa mafungu ya maua ya zambarau yanayoning'inia, na kama huikati kila juma kwa mkasi kama wafanyavyo wenye nyua za kunyooka, itachanua karibu mwaka mzima. Tunda lake la manjano linavutia watoto na lina sumu, kwa hiyo kwenye nyumba yenye watoto wadogo ikae mbali na wanapochezea, au vishada vya matunda vikatwe kabla ya kuiva.

Barleria repens, mmea wa ukanda wetu huu, huota chini chini na kuchanua hata penye kivuli kidogo. Ni mzuri kwa ukingo wa tuta.

Sasa niseme kuhusu lantana. Hakuna atakayebisha kwamba vipepeo huipenda, na mitandao imejaa ushauri wa kuipanda. Lakini Lantana camara ilitoka Amerika, ndege husambaza mbegu zake, huvamia malisho na kingo za misitu, na majani yake huwadhuru ng'ombe. Mtu anayeishi karibu na msitu kama wa Usambara au Shimba na akaipanda kwa ajili ya vipepeo, anawapa maua kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya msitu kwa mkono wa pili. Alizeti mwitu, Tithonia diversifolia, naiweka kwenye fungu hilohilo. Kama tayari ziko kwa jirani, vipepeo wako watazitembelea bila wewe kuzipanda.

Mimea ya kuliwa

Hapa ndipo bustani nyingi hukosea, na ndipo pa kutumia nusu ya eneo lako.

Mndimu au mlimau mmoja ndio mwanzo ulio rahisi kuliko yote. Kama una mti mkubwa, umemaliza. Kama huna, panda miche mitatu kwa ajili ya viwavi kwenye ndoo, usiutegemee mmoja, kwa sababu kiwavi wanne wakubwa humaliza mche wa nusu mita kwa siku chache. Kipepeo jike huja akipapasa majani kwa miguu, maana huonja kwa miguu, kisha hukunja tumbo na kuacha yai moja la manjano, dogo kuliko mbegu ya ufuta, juu ya jani changa.

Kwa Danaus chrysippus panda mimea yenye maziwa ya jamii ya Gomphocarpus, ambayo ni ya Afrika, na hutambulika kwa matunda yaliyovimba kama puto dogo lenye nywele laini. Mbegu zake zina pamba ya hariri na huota kwa urahisi. Vitalu vingi huuza pia Asclepias curassavica, yenye maua mekundu na manjano, iliyotoka Amerika, na viwavi wataila bila kulalamika. Mimea yote miwili hutoa utomvu mweupe unaowasha vibaya ukiingia machoni, kwa hiyo vaa glavu unapokata na unawe mikono kabla ya kujigusa uso. Mmea mmoja huishi miaka miwili au mitatu, kisha huchoka. Otesha mingine mapema.

Asystasia gangetica watu huing'oa kama gugu, na wengine pwani huichuma kama mboga. Ni mmea unaotambaa, wenye maua meupe yenye doa la zambarau mdomoni. Viwavi wa Junonia oenone na wa Hypolimnas misippus huila, na nyuki huipenda. Iache iote chini ya mimea mirefu, iwe kama zulia, ila uizuie isipande juu ya pentas. Kwangu haikunigharimu hata senti moja: niliacha tu kuing'oa kwenye kona moja, na ndani ya msimu mmoja wa masika wale wenye madoa ya buluu walikuwa hawatoki.

Mwenye nafasi kubwa aongeze mmea wa jamii ya Senna kwa ajili ya wale wa manjano wanaokimbia, na mstafeli au mtopetope, ambao majani yake hulisha baadhi ya vipepeo wa jenasi ya Graphium.

Kuzalisha miche yako mwenyewe

Nina sababu ya kusisitiza jambo hili. Mwaka wa pili nilinunua miche minane ya Asclepias kutoka kitalu kimoja cha kando ya barabara, mizuri, isiyo na tundu hata moja kwenye majani. Vipepeo walitaga siku ya tatu. Viwavi walianguliwa, wakala, na baada ya siku chache wote walikuwa wananing'inia wamelegea na weusi. Mche ulikuwa umepewa dawa inayofyonzwa na mizizi na kusambaa ndani ya majani, ambayo maji ya bomba hayawezi kuiosha. Tangu hapo, mche wa kununua naukalisha peke yake miezi miwili, naukata mara moja ili uchipue upya, ndipo nautoa kwa vipepeo. Na jani lisilo na tundu dukani halinifurahishi tena.

Pentas na plumbago huzalishwa kwa vipandikizi. Asubuhi na mapema, mmea ukiwa umejaa maji, kata tawi lisilo na ua, lisiloiva hadi kuwa mti wala lisilo changa la kuvunjika kama mchicha, urefu wa sentimita 10 hadi 12. Kata chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapotokea kwenye tawi, kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Ondoa majani yote ya nusu ya chini, na yaliyobaki juu, kama ni makubwa, yakate nusu ili yasipoteze maji. Jaza kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, mchanganyiko wa mchanga uliooshwa na mboji kwa vipimo sawa, tengeneza shimo kwa kijiti, ingiza vifundo viwili ndani, kandamiza kwa vidole na umwagilie.

Baada ya hapo chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, ondoa kifuniko, na uifunike juu ya kipandikizi. Ndani ya chupa utaona ukungu wa maji asubuhi, na hiyo ndiyo dalili kwamba kipandikizi hakikauki. Weka penye kivuli chenye mwanga. Usikivute kila siku kujua kama kimeota mizizi. Subiri majuma matatu, kisha kivute taratibu sana: kikikataa, kimeshika. Ondoa chupa kwa saa mbili siku ya kwanza, nne siku ya pili, na uiondoe kabisa baada ya juma. Kati ya vipandikizi kumi vya pentas mimi hupata saba au vinane, vya plumbago hupungua kidogo.

Asystasia haihitaji haya yote. Kata kipande chenye kifundo, kilaze juu ya udongo wenye unyevu, kitajipanda.

Kupanda

Panda mvua zikiwa zimeshika, si kwa mvua ya kwanza ya kudanganya. Kwetu hiyo ni katikati ya masika, Aprili, au Novemba wakati wa vuli. Mimi hupendelea Novemba kwa mimea ya maua, kwa sababu masika ya Tanga hunyesha kwa nguvu kiasi cha kuozesha miche midogo, lakini aliyepanda vuli ajiandae kumwagilia Januari na Februari.

Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba na kina sawa na kiriba. Chana kiriba, usiving'oe mizizi, weka mche usawa uleule uliokuwa nao. Nafasi kati ya pentas na pentas iwe sentimita 45, kati ya plumbago mita moja, na duranta ya ua mita moja pia. Gomphocarpus ikae sentimita 60.

Katika mpangilio, lililo muhimu ni kupanda kwa mafungu. Pentas tano za rangi moja pamoja huonekana na kipepeo anayepita kwa mbali, wakati pentas tano zilizotawanywa kila kona humgharimu safari tano. Mirefu iwe nyuma upande wa upepo, mifupi mbele. Mimea ya kuliwa nashauri iwe nyuma ya ile ya maua, pasipoonekana sana kutoka barazani, kwa sababu itatafunwa hadi ibaki vijiti, na hapo mgeni au mama mkwe atauliza kwa nini huijali bustani yako.

Funika udongo kwa matandazo ya majani makavu au makumbi ya nazi, unene wa sentimita tano, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina.

Maji na kupogoa

Miezi mitatu ya kwanza mwagilia kila baada ya siku mbili au tatu kama mvua haipo, maji ya kulowesha hadi chini. Baada ya hapo, mara moja kwa juma inatosha kwa plumbago na duranta, na mara mbili kwa pentas wakati wa Kaskazi. Mwagilia shinani asubuhi. Maji yanayomwagwa juu ya maua hupunguza utamu wa nekta na kuwaangusha viwavi wadogo. Wenye visima vya maji ya chumvi chumvi waangalie kingo za majani ya pentas: zikianza kuungua rangi ya kahawia, ni chumvi, na maji ya mvua yaliyovunwa yatumike kwanza kwake.

Kuhusu mbolea, konzi mbili za mboji kwa kila mmea mwanzoni mwa kila mvua zinatosha. Mbolea ya nitrojeni nyingi huleta majani ya kijani kibichi yasiyo na ua.

Kichwa cha pentas kikishakauka, kikate hadi kwenye jozi ya majani iliyo chini yake, na baada ya mwezi mmoja hivi utapata vichwa viwili mahali pa kimoja. Ni kazi ya dakika kumi kila juma na ndiyo siri nzima ya pentas kuchanua mwaka mzima. Mara moja kwa mwaka, mvua zinapoanza, punguza kichaka kizima kwa theluthi moja. Plumbago inaweza kukatwa nusu. Usikate yote siku moja: kata nusu ya bustani, subiri majuma manne au matano, ukate nusu nyingine, ili kinywaji kisikatike. Na kabla ya kila mkato, pitisha macho na vidole kwenye kila tawi kutafuta mayai na mabundo.

Viwavi wanapokuja

Kiwavi wa kwanza kwenye ndimu yako utamdhania kinyesi cha ndege, na hivyo ndivyo alivyokusudiwa: kahawia, mwenye mkanda mweupe, anang'aa kama aliyelowa. Akijivua ngozi kwa mara ya mwisho, huwa kijani kibichi chenye mistari ya kahawia, mnene kama kidole kidogo cha mkono. Mguse kidogo kwa kijiti nyuma ya kichwa. Atatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, kisha atazirudisha ndani. Hiyo ni silaha yake yote, haiumi wala haiwashi.

Kiwavi wa Danaus ana michirizi myeusi, meupe na ya manjano, pamoja na jozi tatu za nyuzi nyeusi laini kama antena. Yai huchukua siku tatu hadi tano kuanguliwa, kiwavi hula kwa kama majuma mawili, na bundo hukaa siku kumi hivi, pungufu au zaidi kulingana na joto. Bundo lake huning'inia kama kipuli cha kijani au cha waridi chenye vidoa vya dhahabu. Likianza kuwa jeusi na rangi ya chungwa kuonekana ndani, kesho yake asubuhi amka mapema.

Si wote watakaofika huko. Nyigu, mijusi na ndege watachukua wengi, na hilo ni la kawaida. Adui ninayemshughulikia ni mmoja tu: maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe na mlimau kuwa viota. Mti waliouteka hauna kiwavi anayepona. Lakini maji moto wanasaidia mazao mengine, kwa hiyo siwaui. Miche ya viwavi naiweka kwenye ndoo iliyokaa ndani ya beseni lenye maji na matone ya sabuni, matawi yasiguse kitu, nao hawavuki.

Vidukari vya manjano vitajaa kwenye Gomphocarpus na Asclepias. Vikande kwa vidole au vioshe kwa maji ya bomba yenye nguvu baada ya kuwahamisha viwavi. Usipulize chochote.

Kuhusu dawa

Watu wengi wenye nia njema hudhani kwamba dawa ya asili haina neno. Maji ya mwarobaini huzuia kiwavi asikue wala kujivua ngozi, awe yule unayemchukia kwenye kabichi au yule unayemsubiri kwenye ndimu. Dawa za bakteria aina ya Bt nazo zimeundwa mahususi kuua viwavi. Kama una bustani ya mboga, iweke angalau mita kadhaa upande unakoelekea upepo, na upulize jioni upepo ukiwa umetulia. Mtaa unapopulizwa moshi wa kuua mbu, huwezi kuuzuia wala hupaswi, lakini unaweza kuhamisha ndoo zako za miche ndani ya nyumba kwa usiku mmoja.

Tope, matunda yaliyooza na marejea

Vipepeo dume hutafuta chumvi kwenye tope. Jaza sahani pana mchanga na udongo, nyunyiza chumvi kidogo sana au mkojo wa ng'ombe, ulowanishe uwe tope tu. Maji yasisimame, yasije yakawa kitalu cha mbu.

Vipepeo wakubwa wa jenasi ya Charaxes hawajali maua yako hata kidogo. Hao wanataka ndizi iliyooza, embe lililoanguka, na wakati mwingine kinyesi cha mbwa. Ning'iniza sahani ya ndizi mbivu sana kwenye kivuli, kimo cha mtu, na upake grisi kwenye waya kuzuia sisimizi.

La mwisho lilinishangaza mimi mwenyewe. Wakulima huijua marejea, Crotalaria, kama mmea wa kurutubisha ardhi. Ing'oe michache, uikaushe, uifunge kwenye kamba bustanini. Danaus dume watakusanyika juu ya mashina hayo makavu yasiyo na ua wala utamu, wakinyonya kemikali wanazozitumia kutengeneza harufu ya kumvutia jike. Niliwahi kuhesabu kumi na moja kwenye fungu moja dogo, wamekaa kama nguo zilizoanikwa.

Utegemee nini, lini

Ukipanda Novemba, pentas zitachanua kabla ya Februari na wanywaji watafika mara moja. Mayai kwenye ndimu yanaweza kuonekana juma la kwanza kabisa. Asystasia na Gomphocarpus zitakuwa tayari baada ya masika, na Mei hadi Julai ndipo uani kwangu pana viwavi wengi kuliko majani. Baada ya hapo, Kusi ikiendelea, idadi hupungua, hilo lisikukatishe tamaa ukang'oa chochote. Kabla ya kupaka rangi ukuta ulio karibu na tuta, au kubadilisha mbao za dirisha, kagua kwanza chini ya kila ukingo, kwa sababu kiwavi akishiba huondoka kwenye mmea wake na kutembea mita kadhaa kutafuta mahali pa kujifunga, na mahali anapopapenda zaidi kwangu ni chini ya kizingiti cha dirisha la jikoni.